Bismack Biyombo: mtoto wa Lubumbashi aliyedumu NBA bila kuwa mfungaji

Bismack Biyombo Sumba alizaliwa tarehe 28 Agosti 1992 mjini Lubumbashi. Wakati ule inchi yetu iliitwa bado Zaire, na Katanga iliitwa Shaba. Ni mtoto wa kwanza katika jamaa ya watoto saba. Ana urefu wa mita 2 na sentimita 3 hivi. Kwa NBA huo si urefu wa kushangaza, hasa kwa mchezaji wa chini ya chuma, ambako wengi wanapita mita 2 na 10. Kinachoshangaza ni mikono yake. Akiinyoosha yote miwili, kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole ni karibu mita 2 na 30. Mikono ile ndiyo ilimlisha tangu mwaka 2011 hadi leo.

Vijana wanaocheza basketi Goma, Bukavu, Uvira, Kindu ao Kalemie wanajua zaidi jina la Dikembe Mutombo, na sasa lile la Jonathan Kuminga, ambaye amezaliwa Goma. Biyombo hatajwi sana. Hajachaguliwa kwa mechi ya nyota, hajabeba kombe la NBA, na katika kazi yake yote wastani wake unakaribia pointi tano tu kwa mechi. Lakini kwa kijana anayetaka kujua kazi ya basketi inatembea ginsi gani kweli, yaani kuuzwa, kufukuzwa, kontra ya siku kumi, karatasi, deni la klabu ya zamani, safari yake inafundisha kuliko ya wale wakubwa wawili.

Kutoka Shaba mpaka Yemen

Lubumbashi ya miaka ya 1990 ilikuwa mji wenye shida. Gécamines, kampuni ya shaba iliyolisha jamaa nyingi, ilikuwa inaanguka, na kazi ilikuwa ngumu kupata. Biyombo alikua hapo na baba yake François na mama yake Françoise. Kiswahili ni moja ya lugha zake; kwa jumla anasema lugha tano: Kiswahili, Lingala, Kifaransa, Kiingereza na Kihispania. Hiyo tano si mapambo. Kila lugha iliyoongezeka ni inchi ambako ilimbidi kuanza upya.

Akiwa na umri wa miaka 16 aliondoka Kongo kwenda kucheza Yemen. Wengi wanashtuka wakisikia hivyo. Yemen? Ndiyo. Njia ya wachezaji wa Kiafrika haipiti kila mara Paris ao New York. Kuna klabu za inchi za Waarabu zinazotafuta vijana warefu kwa feza kidogo, na kwa kijana asiye na visa ya Ulaya mlango ule unafunguka haraka.

Katika mashindano ya vijana huko Mashariki ya Kati, alionwa na kocha mmoja Mreno, Mario Palma, aliyekuwa akifundisha ekipe ya taifa ya Jordani. Palma alijua Afrika vizuri: miaka mingi alikuwa amefundisha Angola na kubeba nayo makombe ya bara. Alipoona mikono ile, alielewa. Ndiye aliyemsaidia kijana kufika Hispania, katika klabu ya Fuenlabrada, karibu na Madrid.

Fuenlabrada hawakumtupa uwanjani siku ya kwanza. Walimweka kwanza Illescas, klabu ndogo waliyofanya nayo kazi, katika divizio ya chini. Huko ndiko alijifunza vitu ambavyo mtu haoni kwenye televisheni: kusimama wapi mwenzako akipitwa, kuruka wakati gani, kutua bila kumgonga mpinzani. Januari 2011 akapandishwa katika ekipe kubwa, katika ACB, ambayo ni moja ya ligi ngumu kuliko zote za Ulaya. Alikuwa na miaka 18. Katika mechi chache za msimu ule akawa mmoja wa wazuiaji wakali wa ligi nzima.

Usiku wa Portland

Mwezi wa Aprili 2011 aliitwa Portland, Marekani, kwa mechi inayoitwa Nike Hoop Summit. Kila mwaka wanakutanisha vijana bora wa Marekani na vijana waliochaguliwa kutoka inchi zingine za dunia. Upande wa Wamarekani kulikuwa Anthony Davis, ambaye kiisha alikuja kuwa nyota mkubwa wa NBA.

Ekipe ya dunia ilipoteza. Lakini kesho yake watu walizungumza juu ya Biyombo peke yake: pointi 12, mipira 11 ya kurudi, yaani rebondi, na kontre 10, yaani mipira kumi ya wapinzani aliyoizuia ikielekea kwenye chuma. Mbele yake hakuna mchezaji aliyekuwa amefikisha kumi mara tatu katika mechi ile. Jina lake halikuwa katika vinywa vya watu wengi Marekani asubuhi; usiku lilikuwa kwenye karatasi za klabu zote 30 za NBA.

Hapo ndipo shida ilianza.

Karatasi ya kuzaliwa

Watu walianza kuuliza: kijana huyu ana miaka mingapi kweli? Magazeti ya michezo ya Marekani yalirudia swali lile wiki nyingi. Wengine walisema wazi hawaamini kama ana 18.

Inafaa kueleza kwa nini swali lilikuwa zito. NBA inachagua wachezaji wapya mara moja kwa mwaka, katika siku inayoitwa drafti. Klabu zinapanga mustari, zinachagua mmoja mmoja, wachezaji 60 kwa jumla. Mchezaji wa inchi za nje anaweza kujiandikisha kama anatimiza angalau miaka 19 katika mwaka ule. Biyombo alikuwa anatimiza 19 Agosti 2011: aliingia palepale, kwa miezi michache tu. Tena, klabu hailipi kitu kimoja kwa kijana wa 18 na kwa mtu wa 23. Wa 18 wanamnunua kwa kile atakachokuwa. Wa 23 wanamnunua kwa kile alicho tayari. Shaka juu ya umri inaweza kumshusha mtu kutoka nafasi ya saba mpaka ya arobaini, na kati ya hizo mbili kuna mamilioni ya dola.

Biyombo alishikilia tarehe yake, na mwishowe NBA ilimwacha aingie. Lakini si kila kijana anaponyoka hivyo. Kwetu, watoto wengi hawana karatasi ya kuzaliwa. Sheria inasema mtoto aandikishwe bure mbele ya officier wa état civil katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Zikipita, inakuwa jambo la tribinali, mashahidi na gharama. Wazazi waliokimbia vita kutoka kijiji mpaka kambi wanajua ginsi siku 90 zinavyopita bila mtu kuziona. Na wachezaji wengine wameharibu wenyewe, wakijipunguzia umri ili wacheze na wadogo. Matokeo yake ni kwamba hata anayesema kweli anatazamwa kama mwongo.

Kuna swali lingine la umri ambalo wazazi wanapaswa kulijua. Shirikisho la basketi la dunia, FIBA, halikubali kwa kawaida mchezaji ahamishwe kutoka inchi moja mpaka nyingine mbele ya kutimiza miaka 18, isipokuwa kwa sababu maalum zinazochunguzwa, kama vile wazazi wenyewe kuhamia kule kwa kazi, ao masomo yanayopangwa vizuri. Mtu akija nyumbani na kusema atamchukua mtoto wa miaka 15 kesho, na anaomba dola za visa mkononi, haifai kumpa hata franga moja mbele ya kuona jina la klabu, jina la masomo, na barua ya shirikisho.

Nafasi ya saba, na deni la Hispania

Tarehe 23 Juni 2011 Biyombo alichaguliwa wa saba na Sacramento Kings, na usiku ule ule haki zake zikapelekwa Charlotte Bobcats, klabu ya Michael Jordan. Ili kupima: Klay Thompson alichaguliwa wa 11 mwaka ule, Kawhi Leonard wa 15. Wote wawili walikuja kubeba makombe. Watu wa Charlotte wamekumbushwa jambo hilo mara nyingi, na si kosa la Biyombo.

Lakini kuchaguliwa si kuingia. Alikuwa bado na kontra Fuenlabrada, na kontra ile ilikuwa na bei ya kujikomboa. Wakati ule klabu ya NBA iliruhusiwa kulipa dola 500 000 tu kwa kumtoa mchezaji katika klabu ya nje. Kinachobaki, mchezaji mwenyewe analipa, kwa mishahara ambayo bado hajapata. Klabu ya Hispania ilidai zaidi ya hapo. Na juu yake, NBA ilikuwa imefungwa miezi mizima sababu wenye klabu na wachezaji hawakusikilizana juu ya feza. Ilikuwa karibu Noeli 2011 alipotia sahihi hatimaye.

Ni vizuri kijana ajue: kontra ya kwanza unayotia sahihi ukiwa na njaa ndiyo inakufuata miaka. Mstari mmoja mdogo juu ya bei ya kuondoka unaweza kuwa na uzito kuliko mshahara wote ulioandikwa ukurasa wa kwanza.

Charlotte: mechi 7 kwa 59

Msimu ulifupishwa ukawa wa mechi 66. Charlotte walishinda 7, wakapoteza 59, na 23 za mwisho walizipoteza mfululizo. Hakuna klabu iliyowahi kumaliza msimu wa NBA na asilimia ndogo kuliko ile. Ndiyo ekipe iliyompokea kijana wa miaka 19 kutoka Lubumbashi, ambaye alikuwa bado anajifunza Kiingereza.

Alibaki pale misimu minne. Ulinzi wake ulikuwa mzuri. Mikono ya kushika mpira ilikuwa shida: wenzake walimpasia karibu na chuma na mpira ulimponyoka. Mwaka 2013 klabu ilimleta Al Jefferson, mfungaji mzito, na Biyombo akaanza kukaa benchi. Mwaka 2014 walifika hata mchujo, wakatolewa na Miami kwa mechi nne bila. Juni 2015, Charlotte haikumpa hata ile barua ya kumshikilia ambayo klabu huwapa vijana wake. Akawa huru, yaani akawa bila kazi. Alikuwa na miaka 22, na wengi walisema ni mmoja wa wale waliochaguliwa juu sana wakaishia chini.

Toronto

Toronto Raptors walimchukua kwa karibu dola milioni 3 kwa mwaka. Kwa NBA hiyo ni feza ndogo. Alikuja kuwa msaidizi wa Mlituania Jonas Valančiūnas, dakika chache, kulinda tu, kurudi benchi.

Tarehe 17 Machi 2016, Valančiūnas akiwa na maumivu, Biyombo alikusanya rebondi 25 mbele ya Indiana. Hakuna mtu katika historia ya klabu alikuwa amefikisha hizo. Raptors walimaliza msimu na ushindi 56, ambao walikuwa hawajawahi kuupata.

Kiisha mchujo. Katika mechi ya tatu mbele ya Miami, Valančiūnas aliumia kifundo cha mguu. Ikabaki juu ya Biyombo. Mechi ya saba, ile ya kufa ao kupona, alitoa pointi 17 na rebondi 16, na Toronto ikafika kwa mara ya kwanza fainali ya upande wa Mashariki. Pale walikutana na Cleveland ya LeBron James. Mechi mbili za kwanza Toronto walipigwa vibaya. Tarehe 21 Mei, mechi ya tatu, nyumbani: Biyombo rebondi 26, kontre 4, pointi 7 tu. Toronto 99, Cleveland 84. Kila alipozuia mpira alitikisa kidole, kama Mutombo, na watu wa Toronto uwanjani walitikisa pamoja naye.

Rebondi 26 maana yake nini? Katika mechi ya NBA, kila upande hukosa kwa kawaida mara arobaini na kitu. Mtu mmoja kuokota 26 ni kusema kwamba karibu kila mpira uliodunda kwenye chuma, yeye alikuwa amekisia mbele ya wengine utaangukia wapi. Hiyo haiji na urefu peke yake. Cleveland walishinda mwishowe, mechi nne kwa mbili, na ndio waliobeba kombe mwaka ule.

Orlando, na kurudi pale walipomfukuza

Bahati ina saa yake. Kiangazi cha 2016 NBA iliingiza feza mpya za televisheni, na kiwango ambacho kila klabu iliruhusiwa kutumia kwa mishahara kiliruka kutoka dola milioni 70 mpaka milioni 94 kwa mara moja. Klabu zilikuwa na feza na hazikujua za kupeleka wapi. Orlando Magic ilimpa Biyombo kontra ya miaka minne inayokaribia dola milioni 72. Mtu aliyeachwa bure mwaka mmoja mbele.

Orlando walimleta pia Serge Ibaka, mtoto wa Brazzaville, kwa hiyo Kongo zote mbili zilikutana chini ya chuma kimoja. Haikutembea. Walikuwa warefu wengi kwa nafasi chache, Ibaka akauzwa mbele ya msimu kuisha, na klabu ikapoteza mechi 53. Biyombo akaanza kuitwa kontra mbaya. Ni neno la ajabu, sababu kontra haiandikwi na mtu mmoja. Julai 2018 alirudishwa Charlotte, safari hii kama uzito wa feza katika biashara ya klabu tatu. Alikaa pale mpaka 2021.

Katika miaka ile alifanya kazi nyingine isiyoonekana kwenye takwimu. Wachezaji wenzake walimchagua kuwa mmoja wa makamu wa rais wa chama chao, NBPA, wakati chama kilipokuwa kinazungumza na ligi juu ya Covid na mishahara. Na mwaka 2020, kupitia fondation yake, alituma Kongo vifaa vya hospitali vyenye bei ya karibu dola milioni moja: maski, mavazi ya kujikinga, na vingine.

Baba

Mwaka 2021 kontra iliisha, na hakutafuta nyingine. Baba yake alikuwa mgonjwa. Biyombo alikaa naye. François Biyombo alikufa mwaka ule ule.

Kila jamaa ya kwetu inajua sehemu ile ya habari bila kuelezwa: kutafuta dawa, kutafuta mashine, kutafuta daktari anayejua ugonjwa, kutafuta namna ya kumtoa mgonjwa mji huu mpaka ule. Biyombo alikuwa na mamilioni ya dola na alikutana na ukuta ule ule. Ameeleza mwenyewe kwamba alifikiria wale ambao hawana kile alichokuwa nacho.

Januari 2022 Phoenix Suns walimwita. Wachezaji wengi wa ligi walikuwa wametengwa juu ya Covid na klabu zilitafuta watu wa haraka. Walimpa kontra ya siku kumi. Kontra ile iko hivi: klabu inakuchukua siku kumi, inaweza kurudia mara moja, kiisha inakupa kontra mpaka mwisho wa msimu ao inakuaga. Hakuna ahadi. Mtu aliyekuwa na kontra ya milioni 72 alikubali siku kumi. Alifanya vizuri, wakamshika mpaka mwisho.

Mshahara wote wa msimu ule, karibu dola milioni 1 na laki 3, aliutoa kwa kujenga hospitali Kongo kwa jina la baba yake. Hakutoa asilimia yake, alitoa wote. Watu walimlinganisha na Mutombo, ambaye mama yake alikufa bila kuweza kufikishwa hospitali, na ambaye alijenga Kinshasa, Masina, Hospitali Biamba Marie Mutombo yenye vitanda 300, iliyofunguliwa mwaka 2007. Mutombo alikufa tarehe 30 Septemba 2024 kwa saratani ya ubongo, akiwa na miaka 58.

Wakongomani wawili, kazi ileile ya kuzuia mipira, na wote wawili wamejikuta wakijenga kile ambacho kodi za wanainchi zilipaswa kujenga. Mtu anaweza kuwashangilia, na tena aulize swali hilo.

Miaka ya mfuko tayari

Baada ya Phoenix, Biyombo amekuwa mtu wa kuitwa wakati mwingine anaumia. Novemba 2023, Memphis ilimchukua sababu Steven Adams alikuwa nje kwa goti. Januari 2024 wakamwaga. Februari akaenda Oklahoma City. Machi, mjini Portland, mji ule ule wa usiku wake wa 2011, alianguka akizimia karibu na benchi na wenzake wakamshika. Alisimama na kutoka kwa miguu yake. Februari 2025 alitia sahihi ya siku kumi San Antonio, na mwezi ule ule Victor Wembanyama, Mfaransa mrefu ambaye babake ana asili ya Kongo, aligunduliwa kuwa na damu iliyoganda katika bega. Biyombo akabaki mpaka mwisho wa msimu, akianza mechi nyingi katikati.

Kuminga wa Goma alichaguliwa katika drafti ya 2021, miaka kumi kamili baada ya Biyombo, na nafasi yake ilikuwa ileile: ya saba. Yeye aliondoka Goma akiwa mtoto mwaka 2016, akapita masomo ya Marekani, na kabla ya kutimiza miaka 20 alikuwa tayari ametwaa kombe na Golden State, mwaka 2022. Biyombo, akiwa na miaka 32 pale San Antonio, alikuwa bado hajagusa kombe lile.